Sisi Hatulimi Chipsi

Sukari ilianza kurudi Alhamisi, saa nne asubuhi. Mke wa Mzee Kosgei ndiye aliyetangulia. Aliweka mfuko wa kilo mbili juu ya meza ya nje, pale penye mabeseni ya vyombo, akasema mzee wake amepata homa ya ghafla na hataweza kwenda Keringet Jumamosi. Mama Cheruto alimwuliza kama homa hiyo imemkataza hata kunywa chai yenye sukari. Mwanamke yule akatazama viatu vyake.

"Mama Cheruto, mimi nimetumwa tu," akasema, akaenda zake bila kuketi.

Kufikia saa sita mchana mifuko ilikuwa sita. Wazee walioombwa walikuwa saba, na huyo wa saba alikuwa kiziwi, huenda habari hazikuwa zimemfikia. Kila mmoja alikuwa amepelekewa sukari na majani ya chai wiki mbili kabla, kumwomba aandamane na nyumba ya Mzee Kipkemboi, mumewe Mama Cheruto, kwenye koito ya kijana wao Kipyegon, siku ya kukaa na kina Joyline, mchumba wake, kule Keringet na kutaja ng'ombe wa mahari. Kuipokea sukari ni kukubali. Kuirudisha ni tusi ambalo halihitaji mdomo. Na huko Olenguruone hakuna mtu anayekwenda kuomba binti wa watu akiwa na mkewe na mwanawe tu, mithili ya mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko. Ukifika bila wazee wa ukoo, wenyeji wanakupa chai, wanakuuliza habari za mvua, halafu wanakuonyesha njia ya kurudi.

Cheruto aliwasili mifuko ikiwa pale mezani. Alikuwa ametoka kazini Nairobi jana yake, akalala nyumbani kwake Free Area, Nakuru, na sasa buti ilikuwa imejaa kreti za soda na mchele. Aliposhuka alicheka.

"Mama, tunafungua duka?"

Mama yake hakucheka. Alikuwa akimenya viazi, na aliendelea kumenya.

"Ni wewe umetufungulia," akasema.

Kipyegon alitoka nyumbani akiwa na simu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole ambaye alikuwa amenunua suti kwa ajili ya Jumamosi na kuivaa mara tatu mbele ya kioo. Alimpa dada yake simu bila kumsalimia. Katika kundi la WhatsApp la ushirika wa viazi mtu alikuwa ametuma picha ya siku ya kutia saini mkataba wa biashara na nchi za ng'ambo. Waziri ameketi mbele na kalamu. Nyuma yake amesimama mwanamke mwenye koti la buluu, na kichwa chake kimezungushiwa duara jekundu. Chini yake pameandikwa: *Huyu ndiye aliuza viazi yetu. Ni wa hapa hapa.*

"Siz, hii kitu imefika mpaka kwa kina Joyline," Kipyegon akasema. "Baba yake alinipigia jana. Ananiuliza kama ni ukweli."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui kazi yenye unafanyanga. Kwani najua?"

Hapo hakusema uongo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kujua Cheruto anafanya kazi gani hasa. Aliposomea sheria kijiji kizima kilifurahi, maana kila mtu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba au mtoto aliyeshikwa na polisi. Baadaye ikajulikana kwamba haendi mahakamani. Anakaa wizarani, anasafiri kwenda kubishana na Wazungu juu ya ushuru wa maua na maharagwe, anarudi na chokoleti. Wanawake wa kanisa walimpa jina la wakili asiyemtoa mtu ndani, na walikuwa wakimwita hivyo wakicheka, naye akicheka nao. Miaka kumi na sita amekula mkate wa serikali kwa kusoma orodha za bidhaa, mstari kwa mstari, kifungu kwa kifungu. Sasa kifungu kimoja katika orodha hizo kilikuwa kimewafikia nyumbani, na hakuna aliyekuwa akicheka.

Kifungu chenyewe kilikuwa cha chipsi. Viazi vilivyokatwa, vikagandishwa, vikafungwa kwenye mifuko, vilikuwa vimeondolewa ushuru. Tangu hapo kiwanda kimoja cha Nakuru, kilichokuwa kikituma lori mara tatu kwa wiki kuchukua viazi vya Olenguruone, kikaacha kutuma. Chipsi zilikuwa zinakuja tayari bandarini, tena kwa bei ya chini. Gunia lililokuwa likienda kwa elfu mbili mia nane likashuka mpaka mia tisa, na hata hiyo mia tisa unamsihi mtu aichukue. Viazi vilikuwa vimeota macho katika ghala la ushirika, na mwenyekiti wa ushirika huo, mwaka wa tisa sasa, alikuwa Mzee Kipkemboi, baba yake Cheruto.

"Jana nilienda kikundi," mama alisema huku kisu kikizunguka kiazi. "Nikakaa kwa benchi. Wale wawili walikuwa hapo wakasimama, wakasema jua ni kali. Jua gani? Tulikuwa ndani ya kanisa." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Wewe Jumapili utarudi Nairobi. Mimi nitabaki na hawa."

Cheruto alitaka kumgusa bega. Akaona namna bega lenyewe lilivyokaza, akauacha mkono wake ulipokuwa.

*

Alasiri alichukua mfuko mmoja wa sukari akaenda nao kwa Mzee Kosgei. Lilikuwa kosa, na alilijua kabla hajafika kwenye lango, lakini alikuwa mtu aliyezoea kwamba pande mbili zikikaa zikazungumza jambo hulainika. Ndiyo kazi iliyomlisha.

Mzee Kosgei, yule wa homa, alikuwa akipasua kuni.

"Chamgei, mzee," Cheruto akamwamkia kwa adabu.

"Chamgei mising." Mzee hakuacha shoka. Hakufungua lango pia. Lilikuwa lango la mbao tatu, hata mtoto angelivuka, nalo lilibaki kati yao.

"Nimekuja kuwaomba, mzee. Kipyegon hana hatia. Kama kuna neno juu yangu, niambieni mimi."

"Neno gani? Sisi ni watu hatujasoma. Neno liko kwa nyinyi." Akapiga kuni. "Kijana yangu alikuwa alipe fees ya koleji na ile shamba ya viazi. Sasa ako nyumbani, analala mpaka saa tano. Ukipita hapo utamwona. Msalimie."

"Pole sana, mzee."

"Nilikubeba na mgongo, wewe. Mto ulifurika mwaka ule, baba yako alikuwa Nakuru, nikakuvusha uende kufanya mtihani. Nilidhani navusha mtu."

Mfuko wa sukari ulikuwa mzito mkononi mwa Cheruto, akauhamisha mkono wa pili.

"Kesho tuko na mkutano ya ushirika, saa nne," Mzee Kosgei akasema. "Kuja. Simama mbele ya watu, useme nani aliamua hii mambo ya chipsi. Ukisema vizuri, sisi si wanyama. Tutaenda koito. Ukileta Kiingereza ya ofisi, baba yako aende Keringet na mbuzi zake."

Akamgeuzia mgongo, akaokota kuni. Mlangoni pa nyumba mkewe alikuwa amesimama, na hakuna aliyemwambia mgeni karibu ndani. Cheruto alirudi na sukari yake barabarani, watu wakimwona.

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya mkutano, baba yake alimwita ghalani. Mzee Kipkemboi alikuwa amevaa koti lake la mikutano na kofia. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Utasimama useme ni makosa ya ofisi yako," akasema. "Useme mlikosea kuandika. Watu watapiga kelele kidogo, halafu watapoa. Kesho tunaenda koito."

"Baba, nikisema hivyo mbele ya simu za watu, Jumatatu sina kazi."

"Kazi utapata ingine. Wewe umesoma. Kipyegon atapata Joyline mwingine wapi?"

"Si kweli kwamba tulikosea kuandika."

"Sasa kweli ni nini?"

Cheruto alifungua begi akatoa karatasi. Alikuwa amezibeba tangu Nairobi bila kujua kama ataziweka mbele ya mtu. Zilikuwa kumbukumbu za mkutano wa maoni uliofanyika katika ukumbi wa hoteli moja Nakuru, miaka mitatu iliyopita, wakulima mia mbili, mandazi na maji ya chupa. Baba yake alitikisa kichwa: hakuwa na miwani.

"Soma," akasema.

Alisoma. Hakuhitaji kusoma, maana siku ile ilikuwa imemkaa kichwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa meza kuu akitaja bidhaa moja moja, wakulima wakisema ipi iingie katika orodha ya kulindwa. Na yeye mwenyewe, kwa fahari ya mtoto, ndiye aliyeomba mwenyekiti wa ushirika wa Olenguruone aketishwe pale mbele, kiti cha pili kutoka chake. Hakumwambia mtu ofisini kwamba ni baba yake. Kazini alitumia jina la mumewe, Ngigi, na haikuonekana jambo. Alipotaja viazi vibichi ukumbi ulipiga makofi: viingie, vilindwe. Alipotaja viazi vilivyokatwa na kugandishwa pakawa kimya, watu wakitazamana. Ndipo Mzee Kipkemboi alipochukua kipaza sauti.

"'Hiyo ni chakula ya watoto wa tao,'" Cheruto akasoma. "'Sisi tunalima viazi. Sisi hatulimi chipsi. Wazungu wakitaka kuleta chipsi, walete.' Halafu imeandikwa: kicheko. Halafu: wakulima hawana pingamizi. Na hapa chini umetia saini, Baba, wewe na wenyeviti wengine watatu."

Baba yake alikaa juu ya gunia. Ghalani mlinuka viazi vilivyoanza kuoza, harufu tamu tamu inayoshika kooni.

Kilichokuwa hakijaandikwa katika kumbukumbu zile Cheruto alikijua peke yake. Baba yake aliposema maneno yale, yeye alijua papo hapo kwamba amekosea. Alijua chipsi zikiingia bure kiwanda cha Nakuru hakitanunua kiazi. Kalamu ilikuwa mkononi. Ukumbi ulikuwa unacheka, baba yake amesimama amenyooka, amefurahi kwa kuwachekesha watu mbele ya binti yake. Mtoto wa kike wa Olenguruone, hata akiwa na shahada mbili, hamwambii baba yake kwamba amekosea mbele ya wanaume mia mbili. Akacheka na wengine. Akaandika. Mwaka uliofuata, ng'ambo ilipodai kitu ili maua na maharagwe yapate nafasi, alifungua faili akakuta kifungu ambacho wakulima hawana pingamizi nacho, akawapa hicho. Alipandishwa cheo kwa kazi ile. Sasa jina lake lilikuwa mezani kwa nafasi ya mkuu wa wanasheria wa mazungumzo.

"Hiyo karatasi inajulikana na nani?" baba akauliza hatimaye.

"Ofisi. Na mimi."

"Ushirika hawana?"

"Hawana."

Mzee akasimama, akapangusa suruali.

"Basi iache kwa begi," akasema.

"Baba, nitasema ofisi iliuliza na haikueleza vizuri. Hilo ni kweli. Sitataja mtu. Lakini sitasema niliamua peke yangu."

"Sema unavyojua kusema," akajibu, na Cheruto akadhani wameelewana.

*

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kugawa faida. Winrose, karani wa ushirika, aliweka meza na daftari. Viti vya plastiki vilikuwa kumi na viwili, vikapewa wazee, na hakuna aliyempisha Cheruto. Alisimama. Mama yake alikaa mbali kidogo, juu ya nyasi, na pande zake zote mbili palikuwa patupu. Simu zilikuwa juu, kama ishirini hivi.

Cheruto alisema aliyopanga kusema. Alisema kwamba mkataba ulikuwa na orodha ndefu, kwamba viazi vibichi vililindwa, kwamba ofisi iliuliza maoni lakini haikueleza watu jinsi chipsi zinavyoweza kuua soko la viazi.

"Mliuliza nani?" Mzee Kosgei akamkata.

"Wakulima, mzee. Wawakilishi."

"Wakulima gani? Ya wapi? Mimi ni mkulima, sijaulizwa."

"Kulikuwa na mkutano Nakuru."

"Nani alienda? Taja."

Cheruto alilitazama begi lake. Pembeni mtu akasema, "Anatafuta Kiingereza," na kicheko kikapita uwanjani. Ndipo baba yake aliponyanyuka kutoka kiti cha mwenyekiti. Alivua kofia.

"Mimi nilienda," akasema. "Mnajua nilienda, mlinituma. Nilikaa hapo mchana yote. Hii maneno ya chipsi hatukuulizwa."

Makofi yakalipuka. Cheruto alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa akiwatazama watu. Kama angeishia hapo, pengine binti angeyameza. Alikuwa ameshayaweka mdomoni, alikuwa tayari kuyameza na kwenda nayo Nairobi. Lakini makofi ni kileo, na mzee alikuwa hajayaonja tangu bei ianguke.

"Huyu ni mtoto wangu," akaendelea, "na siwezi kumkataa. Lakini mimi kama baba nauliza tu pamoja na nyinyi. Chipsi iliingiaje? Sijui walimpatia nini huko ng'ambo. Hiyo nyumba ya Free Area, sijui."

Kelele iliyofuata haikuwa ya makofi. Mwanamke mmoja alisimama akasema alijua, siku zote alijua, mshahara wa serikali haujengi ghorofa. Mwingine akamwita Cheruto mwizi, kavu kavu, kwa jina lake la utotoni. Hasira ilimpanda Cheruto, hasira safi isiyo na huzuni ndani yake. Nyumba ya Free Area ilikuwa ya vyumba vitatu, Ngigi alikuwa bado anailipia benki, na mzee alikuwa amelala humo mwezi mzima alipopasuliwa jicho.

Alifungua begi. Baba yake aliuona mkono, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni. Alitikisa kichwa kidogo, mara moja, namna alivyokuwa akiwatikisia watoto kichwa kanisani.

Cheruto akampa Winrose karatasi.

"Isome yote," akamwambia. "Anzia hapo nimeweka alama."

Winrose alianza kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye jina la aliyesema, sauti ilishuka, akamtupia mwenyekiti jicho. "Soma!" watu wakapiga kelele. Akasoma chakula ya watoto wa tao. Akasoma sisi hatulimi chipsi. Akasoma kicheko. Akasoma saini. Kisha akainua karatasi, na wazee wawili wakaja wakaikagua saini karibu na pua zao, ile ile iliyokuwa kwenye kila kadi ya ushirika mifukoni mwao.

"Na mimi nilijua amekosea," Cheruto akasema. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, lakini alikuwa ameanza na hakuweza kuacha. "Nilikuwa hapo mbele. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ni baba yangu. Nikaandika. Hakuna mtu alinipatia kitu."

Alifikiri kusema yote kungemweka upande wa watu. Wakili wa miaka kumi na sita, na bado alifikiri hivyo.

Mzee Kosgei alichukua muda kusimama.

"Kwa hivyo si serikali," akasema. "Ni nyumba moja. Baba ameuza, mtoto ameandika." Akatema mate pembeni. "Lakini kijana Kipyegon hakuwa Nakuru. Koito tutaenda, ukoo haiwezi aibika Keringet kwa sababu ya hawa wawili. Mimi nitatangulia. Mama yake atakuja. Kipkemboi abaki. Na huyu abaki, wasilete mkosi kwa watu. Winrose, chukua funguo ya store."

Mzee Kipkemboi alitoa funguo mfukoni. Zilikuwa zimeshikana na za nyumbani kwake, katika pete moja, na vidole vyake vilikataa kuzitenganisha. Uwanja mzima ulisubiri. Hatimaye Winrose alimsaidia, akimwomba radhi kwa kunong'ona, na mtu aliyekuwa na simu akasogea karibu apate kumrekodi vizuri.

*

Jumamosi walitoka saa mbili asubuhi. Wazee wote saba walikuwepo, hata yule kiziwi. Mifuko ya sukari ilikuwa imechukuliwa tena mezani, mmoja mmoja, bila maneno. Mzee Kosgei aliketi mbele ya gari la kukodi, pale ambapo baba wa kijana huketi. Kipyegon alikuwa ndani ya suti. Alikuja mpaka kwa dada yake kana kwamba atasema kitu, akarekebisha tai yake tu, akarudi.

Mama Cheruto alipita na shuka lake jipya mabegani. Mumewe alikuwa barazani, binti yake kwenye ngazi. Aliwapita wote wawili.

"Chakula iko kwa sufuria," akasema akiwa tayari amewapa mgongo. "Viazi."

Saa tatu na nusu simu ya Cheruto ililia. Alikuwa Ndegwa, mkurugenzi wake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Cheruto alikuwa amemsikia akiitumia sauti ile kwa watu wengine.

"Video nimeiona. Waziri pia ameiona. Ulisoma kumbukumbu za serikali kwa mkutano wa kijiji?"

"Zilikuwa za mkutano wa hadhara, Director."

"Hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba yule mwenyekiti ni mzee wako. Three years, Cheruto, na hukutuambia. Halafu unasimama unasema ulijua amekosea na ukaandika no objection. Kwa mdomo wako. Wenye maharagwe wanauliza, wenye maua wanauliza, bunge Jumanne watauliza. Mimi nitawajibu nini?"

Cheruto alisema hajui.

"Jumatatu njoo na maelezo kwa maandishi. Lete na laptop ya ofisi. Vitu vyako vingine utapanga na watu wa HR. Ulikuwa mzuri sana, you know that," akasema, na kitenzi chake kilikuwa cha wakati uliopita.

Ndegwa akakata simu. Ukungu ulikuwa umeshaondoka shambani, na mashina ya viazi ambavyo hakuna aliyevichimba yalikuwa yamekauka mistari kwa mistari mpaka chini kwenye mto. Cheruto alitaka kulia, machozi hayakuja, akakasirika na hayo pia. Akaingia jikoni akapakua viazi kwenye sahani mbili, kwa sababu ilikuwa lazima mtu afanye jambo fulani. Moja akampelekea baba yake barazani.

Mzee hakuipokea. Aliiacha mikononi mwa binti yake, akiitazama barabara ya Keringet, na bila kofia alionekana mdogo. Cheruto akaiweka sakafuni karibu na mguu wake, akageuka kwenda.

"Siku ile Nakuru," baba yake akasema, "kati yangu na wewe kulikuwa na mtu mmoja tu."

Cheruto alisimama.

"Mtu wa kaunti, mnene. Alitoka kwenda choo. Nilikuwa na ile maiki kwa mkono, na kiti yake ilikuwa haina mtu. Nilikuangalia kabla nizungumze. Wewe ukanichekea na macho, nikajua niko sawa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mimi sijui chipsi. Nani aliniambia chipsi ni viazi yangu? Wewe ulijua. Ungeinama tu kidogo. Hakuna mtu angeona."

"Baba—"

"Ungeninong'oneza."

Alingoja jibu. Alingoja kweli, amegeuza uso, jicho lile lililopasuliwa likimtoka machozi kwa sababu ya mwanga. Binti yake, aliyekuwa amejibu maswali ya mataifa ishirini na saba katika meza moja, alisimama barazani na mikono mitupu.

Mzee akainama, akachukua sahani, akaanza kula.